Nilifungua Biashara kwa Jina la Mdogo Wangu

Makosa ni yangu. Wacha nianze hapo, kwa sababu nimechoka kuzunguka. Si shetani, si serikali, si yule kijana wa saiba aliyenibonyezea kompyuta. Ni mimi, mtu mzima mwenye akili zake, nilichukua kitambulisho cha mdogo wangu na kufungulia biashara bila kumwambia. Halafu nilipoulizwa, nikadanganya.

Jina langu sitataja. La mdogo wangu nitalibadilisha, nitamwita Ayuma. Ameumia vya kutosha.

Mimi nakaa Kawangware 46, hapa Nairobi. Nyumbani ni Western. Mama yetu alifariki Ayuma akiwa darasa la sita, na baba alikuwa ameshaenda zamani, wala hatukumtafuta. Mimi nilikuwa tayari Nairobi nafanya kazi za nyumba kwa watu. Nikamchukua. Tulilala kitanda kimoja mpaka akamaliza sekondari. Viatu vyake vya shule nilinunua mimi, daftari mimi, na siku alipopata barua ya kwenda chuo cha uuguzi nililia kuliko nilivyolia kwa mazishi.

Kabla aende chuo alihitaji pin ya ushuru, kwa sababu bila pin huwezi kuomba mkopo wa masomo. Akatengenezewa na kijana mmoja aliyekuwa na saiba ndogo ya intaneti kule Kibera, katika kijiji cha Raila. Nitamwita Mutua, mtu wa Kitui, mpole, wa kuongea kidogo. Mutua alimwandikia kila kitu kwa karatasi, namba ya pin na nenosiri, akamwambia aifiche vizuri. Ayuma akaiweka kwa bahasha ya kaki pamoja na kopi za kitambulisho na picha zake ndogo. Na kwa sababu mabweni ya chuo yalikuwa na wezi, bahasha aliniachia mimi.

“Dada, hii ni maisha yangu, usipoteze,” aliniambia akicheka.

Sikuipoteza. Ingekuwa heri ningeipoteza!

Wakati huo nilikuwa nimeacha kazi za nyumba. Korona ilikuwa imetufukuza wengi, na mimi nikajifunza kutengeneza sabuni ya maji kwa mama mmoja wa kanisani. Nilikuwa nakoroga kwa pipa, napima kwa mitungi ya lita ishirini, nauza kwa hoteli ndogo na kwa wanaoosha magari. Sabuni yangu ilikuwa nzito, inatoa povu, na haichubui mikono. Watu waliisifu.

Siku moja nikapata mtu wa stoo wa shule moja ya bweni. Alijaribu sabuni, akaipenda. Akaniambia wako tayari kuchukua kila wiki, lakini shule haiwezi kununua kwa mtu wa mkononi. Wanataka jina la biashara lililosajiliwa, pin, na risiti yenye VAT, ile kodi ya mauzo. Akanipa wiki moja. Nisipoleta, kuna mwingine anangoja.

Shida ni kwamba kitambulisho changu kilikuwa kimepotea. Nilikuwa na ile karatasi ya kungojea tu, miezi inapita, kila nikienda kwa chifu naambiwa bado. Na kwa karatasi hiyo huwezi kusajili kitu.

Nilikaa nikiangalia sanduku langu. Nilijua kuna bahasha ndani.

Ningempigia simu. Simu ilikuwa mkononi, salio lilikuwako. Lakini nilijiambia yuko kwa mitihani, nitamsumbua bure. Nilijiambia pia mimi ndiye nimemlea, chake ni changu. Na nilijiambia ni kwa muda mfupi. Kitambulisho changu kikitoka nitabadilisha iwe kwa jina langu, hata hatajua.

Nikaenda saiba hapa hapa Kawangware. Kijana hakuuliza mengi. Aliangalia picha, akaniangalia mimi, akaniuliza kama huyu ni mimi. Nikasema ni mdogo wangu, ndiye amenituma. Akasema sawa mathe, lete nenosiri. Akajaza fomu ya jina la biashara kwa jina la Ayuma. Akaingia kwa akaunti yake ya ushuru, akaongeza VAT. Mahali pa namba ya simu akaniuliza tuweke gani. Nikampa yangu, ili ujumbe wa serikali uje kwangu, usiende kumshtua mtoto.

Kabla nitoke aliniambia kitu kimoja. Nitakisema kwa sababu watu humlaumu kijana wa saiba kwa kila kitu.

“Mathe, hii VAT ni ya kila mwezi. Uuze usiuze, lazima ufaili ritani, uwaandikie umeuza ngapi. Ukinyamaza wanakupiga faini.”

Nikasema sawa. Nikatoka na cheti kimekunjwa kwa kanga, nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda.

Shule ilichukua sabuni yangu muhula mmoja na nusu. Zile siku zilikuwa nzuri, sitakataa. Nilimtumia Ayuma pesa ya matumizi, nikamnunulia saa ya uuguzi ile ya kubandika kifuani. Miezi miwili ya kwanza nilienda kufaili. Wa tatu nikasahau. Wa nne nikasema nitafanya yote pamoja. Halafu mtu wa stoo akabadilishwa, mpya akaja na muuzaji wake, nikaambiwa asante.

Bei ya malighafi ikapanda, hoteli zikafunga. Niliuza pipa, nikarudisha chumba cha kazi kwa mwenye ploti, nikarudi kufulia watu nguo kule Lavington. Nilidhani mambo yameisha. Nilidhani biashara ikifa imekufa, kama kuku. Sikujua kwamba kwa makaratasi ilikuwa bado inaishi na inakula.

Lakini nikisema sikujua kabisa, nitakuwa nadanganya tena. Ujumbe ulikuja. Kila mwezi simu yangu ililia, ikamtaja Ayuma kwa majina yake matatu, ikasema hajawasilisha ritani. Nilikuwa nafuta. Kitambulisho changu kilitoka, nikakiweka kwa pochi, na bado sikuenda kubadilisha. Kila mwezi niliambia roho yangu mwezi ujao. Mwishowe nikawa nafuta bila kusoma.

Ayuma alimaliza chuo. Siku ya mahafali alinivalisha lile joho lake mbele ya wenzake, akawaambia huyu ndiye mama yangu wa pili. Picha hiyo iko kwa ukuta. Sijui niitoe au niiache.

Baada ya hapo alihangaika kama wengine. Alipata kibarua kwa kliniki moja Kibera, akapanga chumba Raila, karibu na saiba ya Mutua. Hao wawili walikuwa wamependana pole pole tangu siku ile ya pin. Mutua alikuja kwangu mara tatu na mama yake mara moja. Yule mama alileta maembe na asali kutoka Kitui, tukakaa kitandani kwangu tukicheka, tukapanga kwamba Ayuma akipata kazi ya kudumu ndipo tutaenda nyumbani kuongea na wazee. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Na kazi ikatoka! Miaka mitatu ya kutuma barua, kaunti moja ikamwita. Hospitali ya serikali, kazi ya kudumu, mshahara na bima na pensheni. Ayuma alinipigia simu asubuhi nikiwa nafua, nikaacha mashuka kwa maji nikapiga magoti pale pale kwenye uwanja wa watu.

Alipewa siku kumi na nne kuleta makaratasi. Cheti cha polisi cha tabia njema, cheti cha mkopo wa masomo, na cheti cha kuonyesha huna deni la ushuru.

Niliposikia hicho cha mwisho nilikumbuka ule ujumbe niliokuwa nafuta. Nikampongeza tena tu. Hapo ndipo ningesema. Siku kumi na nne zilikuwa bado zote ziko.

Alikuja kwangu Jumamosi, amekuja kwa miguu kutoka barabara kubwa, viatu vimejaa vumbi. Alikaa kitandani akaniambia hajui hata aanzie wapi. Alijua hajafaili ritani zake za mwaka, kama vijana wengi ambao hawana mapato, na alikuwa amejipanga kulipa faini ndogo. Lakini alipoingia kwa akaunti, kwa nenosiri alilokuwa bado analikumbuka, alikuta mlima. VAT, miezi na miezi, faini juu ya faini na riba juu yake. Alidhani amefungua akaunti ya mtu mwingine. Akatoka, akaingia tena, akakuta jina ni lake.

“Kuna mtu amefanya biashara na jina langu,” aliniambia. Halafu akaniangalia. “Dada, ile bahasha. Umewahi kumpa mtu?”

Nimeirudia hiyo dakika mara nyingi kuliko Baba Yetu. Mlango ulikuwa wazi, jirani alikuwa anakaanga vitunguu, mdogo wangu ameniangalia machoni akingoja. Ningesema ni mimi, nisamehe. Maneno ni machache hivyo.

“Haijatoka kwa sanduku,” nikasema.

Nilimwona akifikiria, na nilijua anafikiria nini kabla hajasema.

“Basi ni Mutua. Nenosiri alijua yeye peke yake.”

Ningemkataza. Nilichosema ni kwamba siku hizi huwezi kujua mtu. Hayo maneno yalitoka kwa mdomo wangu mimi, uliokula asali ya mama yake.

Alienda moja kwa moja Raila. Sikuweko, lakini nimeambiwa na majirani zake na Mutua mwenyewe. Mutua aliapa hajui kitu. Akasema waende pamoja ofisi ya ushuru Jumatatu, waulize imesajiliwa na nani. Ayuma akamwambia mwizi ndiye hujitolea kwanza kutafuta. Akamwambia mbele ya wateja wake wote asimkaribie tena. Mtaani habari haikai. Kufikia jioni watu walikuwa wanasema Mutua wa saiba anaiba vitambulisho vya watu. Nani atampelekea kitambulisho chake tena?

Siku ya tatu Mutua alikuja kwangu. Nilimpikia chai. Alishika kikombe mpaka chai ikapoa bila kunywa.

Aliniambia hakuja kubishana. Alisema anajua Ayuma amechanganyikiwa kwa sababu ya kazi, na mimi ndiye mtu anayemsikiza. Aliniomba nimwambie tu ampe nafasi aende naye kwa ofisi. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini sana:

“Dada, wewe kweli hujui kitu?”

“Mpe muda,” nikamwambia. “Nitaongea naye.”

Aliniangalia. Sijui kama alijua. Aliweka kikombe chini, akasema asante kwa chai, akaenda.

Sikuongea na Ayuma. Nilijiambia nitasema kesho yake, kesho yake nikasema ngoja jambo la kazi liishe kwanza, nisimchanganye. Ati nisimchanganye!

Ayuma alipanga foleni ofisi ya ushuru siku nne. Mara mtandao umeanguka, mara aandike barua, mara aombe kusamehewa faini na angoje majibu. Walimwambia wazi majibu huchukua muda. Alirudi kwa kaunti kuomba siku zaidi, wakamwongeza wiki moja. Ikaisha. Mama mmoja wa ofisi ya wafanyakazi alimwambia kwa huruma kwamba yeye mwenyewe hana nguvu, na jina linalofuata kwa orodha limeshapigiwa simu.

Kazi ikaenda hivyo. Miaka mitatu ya kuandika barua!

Nilidhani atakata tamaa na mambo yalale. Kumbe Ayuma ni mtu wa kufuata kitu mpaka mwisho, na mimi ndiye nilimfundisha. Alirudi kwa ile ofisi, hakutaka tena cheti, alitaka kujua. Akasisitiza mpaka afisa mmoja akamfungulia ukurasa wa usajili na kumsomea kila kitu kilichoandikwa. Jina la biashara. Aina, sabuni na dawa za kusafisha. Mahali, Kawangware. Na namba ya simu.

Mimi nilikuwa nafua. Simu ikalia kwa mfuko wa aproni, nikapangusa mikono, nikaona jina lake.

“Dada,” alisema. Hakuwa analia. “Niko mbele ya afisa. Amenisomea namba. Nimeipiga tu nione kama utachukua.”

Povu lilikuwa linashuka kwa mkono wangu.

“Nilikuuliza,” akasema. “Nilikuja kwako nikakuuliza.”

Akakata.

Jioni alikuja na mwenzake mmoja wa kliniki, nadhani kwa sababu hakutaka kuwa na mimi peke yake. Aliomba bahasha. Nilimpa. Nilianza kulia, nikaanza kueleza habari ya shule na kitambulisho kilichopotea na vile nilivyomnunulia saa. Alinisikiliza amesimama mlangoni. Mwenzake akamwambia afisa alisema hii ni kesi ya polisi, anaweza kuandikisha. Ayuma akatingisha kichwa.

“Siendi polisi,” akaniambia. “Umenilea, siwezi kukufunga. Lakini sitaki ujue ninapokaa.”

Ningechagua polisi. Nakuambia ukweli, rafiki yangu unayesoma. Polisi wana siku ya kukuachilia.

Kesho yake Ayuma alimtafuta Mutua. Saiba ilikuwa imefungwa, kompyuta zimeuzwa, mwenyewe amerudi Kitui. Walizungumza kwa simu, na mwenzake wa kliniki ndiye aliniambia baadaye alichosema Mutua. Alimsamehe, tena haraka. Ila alimwambia hawezi kuoa mtu aliyeamini maneno hayo juu yake kwa siku moja tu. Alimtakia heri.

Nilimpigia Mutua pia. Nilitaka kumwambia aliyesema huwezi kujua mtu ni mimi, amrudie Ayuma, dhambi ni yangu. Alichukua simu, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa mama. Zamani aliniita dada.

Ayuma alihama Raila mwisho wa mwezi ule. Kliniki nako aliacha. Nikienda kuuliza wananiambia hawajui, na naona kwa macho yao kwamba wanajua.

Nikaamua angalau nifunge ile biashara. Nilipeleka barua ofisini, nikakubali makosa kwa maandishi. Wakaniambia mwenye pin ndiye lazima aombe, mimi kwa sheria si mtu. Ilikuwa kweli. Kwa makaratasi yote yale jina langu haliko popote. Basi nikawa naenda saiba kila mwezi kabla ya tarehe ishirini, naingia na lile nenosiri ambalo nilikuwa nimelikariri, nafaili ritani ya sufuri ili angalau faini mpya isiongezeke. Ndicho kitu pekee nilichokuwa bado namfanyia. Nilikuwa nafika mapema. Nilikuwa navaa vizuri.

Mwezi uliopita nenosiri lilikataa. Kijana akajaribu mara tatu, akaniambia mathe, hii imebadilishwa. Nikamlipa, nikatoka.

Sasa wewe unayetaka kuanza biashara, nisikie. Anza kwa jina lako, hata kama itabidi ungoje na mteja aende. Mteja atakuja mwingine. Kama umesajili, uliza ni ritani gani unadaiwa na lini, na siku biashara ikianguka, nenda uifunge kwa ofisi pia, maana kufunga mlango si kufunga biashara. Kitambulisho cha mtu si kijiko cha kuazima. Na kama umeshafanya nilivyofanya mimi, sema leo. Usingoje uulizwe. Ukishaulizwa mara moja ukakataa, hata ukweli ukija baadaye hauna kazi tena, unakuja tu kukuonyesha wewe ni nani.

Nyumbani hawajui chochote. Wiki hii shangazi alipiga simu kutoka Western, akasema wanataka kupeleka mtoto wa jirani kusomea uuguzi, wanataka Ayuma awape ushauri, mbona simu yake haipatikani.

Nikamwambia yuko zamu.